Nimeingiza santuri za mzee kwenye laptop, mbona zinaimba taratibu? Wajuzi wa pleya na Audacity njooni

#1 Mtoto wa Ngamiani
Wakuu salaam. Nina boksi la santuri za marehemu mzee, nyingi ni zile ndogo za 45 (mizunguko 45 kwa dakika), taarab za Tanga na dansi kidogo, lebo za Mzuri, Polydor na nyingine zimechunika hazisomeki. Nimepata pleya ya belti iliyotumika, nikachomeka kwenye laptop, nikafungua Audacity, ile programu ya kurekodi sauti, nikaanza kurekodi. Sauti inaingia ila mambo mawili yananitesa. La kwanza kuna muungurumo muda wote hata santuri ikiwa imesimama. La pili ndo kubwa, wimbo ukishaingia kwenye laptop unakwenda taratibu na sauti imekuwa nzito, bibi wa watu anaimba kama baba mwenye mafua. Wimbo huohuo YouTube unakwenda haraka na sauti nyembamba. Wa YouTube una dakika 3 na sekunde 10, wangu 3 na 27. Nani yuko sahihi, mimi au YouTube? Na kama ni mimi, shida ni belti, laptop au santuri yenyewe imechoka?

#2 Kidumu Cha Lita Tano
Umeweka spidi ya 33 kwenye santuri ya 45. Kazi imeisha, mods fungeni uzi.

#3 Hesabu za Jioni
@Kidumu soma kwanza ndugu yangu. Santuri ya 45 ukiizungusha kwa 33, wimbo wa 3:10 unakwenda mpaka 4:16 huko. Jamaa kapata 3:27. Huo ni upungufu wa asilimia 8 hivi, wa kwako ungekuwa 26. Swichi ya spidi haihusiki.

#4 fundi_waya
Tuanze na muungurumo maana huo mwepesi. Nyuma ya pleya, pembeni ya zile plagi za sauti (RCA) nyekundu na nyeupe, kuna kawaya kembamba kana kichwa cha U. Huo ni waya wa ethi. Ufunge kwenye skrubu iliyoandikwa GND kwenye amplifaya, kama haina funga kwenye skrubu yoyote ya bodi ya chuma. Halafu chomoa chaja ya laptop urekodi kwa betri, ukisikia umepungua ujue na chaja ilikuwa inachangia.

Pili tuambie umechomekaje. Katriji, kile kichwa chenye sindano, ya kawaida ya MM (ya sumaku) inatoa milivolti 5 tu hivi, ndogo mno kwa laptop. Halafu santuri inakatwa besi zikiwa zimepunguzwa na treble zimeongezwa, kwa hiyo lazima upite kwenye phono pre-amp, kikuza sauti kidogo cha pleya, irudishe mambo sawa, ndo hiyo wanaita RIAA, imekuwa kawaida ya kampuni karibu zote tangu 1954. Ukichomeka moja kwa moja kwenye tundu la maiki utapata sauti ya redio ya mkulima, na tundu lenyewe kwenye laptop nyingi ni mono.

#5 Mtoto wa Ngamiani
Asante fundi. Nyuma ya pleya kuna kaswichi PHONO / LINE, nimeweka LINE, inapita kwenye kakifaa ka USB nilikonunua Kariakoo ndo inaingia laptop. Huo waya ulikuwa unaning'inia tu, nimeufunga sasa hivi, aisee kimya kabisa! Bado mama mzito.

#6 Kahawa Chungu
LINE sawa ikiwa inaingia kwenye LINE. Angalizo kwa wengine, ukiweka LINE kule nyuma halafu ukachomeka kwenye tundu la PHONO la amplifaya, unapitisha pre-amp mara mbili, sauti inapasuka, unaanza kusingizia sindano.

#7 Mzee wa Kontena
Nitakwambia ugonjwa wako bila kuuona. Pleya imetoka Marekani. Kule umeme ni volti 120 na Hz 60 (mitetemo kwa sekunde), huku 230 na Hz 50. Watu wananunua transfoma ya kushusha volti wanadhani wamemaliza, transfoma haigusi Hz. Motor za zamani za synchronous zinafuata Hz za ukutani, kwa hiyo 45 inakuwa 37 na nusu, na LP (santuri kubwa) ya 33 inakwenda 27 na ushee. Mimi niliipata hiyo kwenye pleya iliyoletwa na shemeji, nzuri, mbao ya ukweli, kila LP ilikuwa msiba. Dawa yake ni kubadilisha puli ya motor, weka ya Hz 50 yenye kipenyo kikubwa kidogo. Fundi wa mashine za kuchonga chuma anakuchongea.

#8 Hesabu za Jioni
Mzee nakuheshimu ila hesabu zinakataa tena. 50 gawa kwa 60 ni upungufu wa asilimia 17 karibu, wimbo wa 3:10 ungefika 3:48. Sisi tunatafuta asilimia 8.

#9 Mtoto wa Ngamiani
Na hii inatumia adapta, motor ni DC, haifuati Hz za ukutani.

#10 Mzee wa Kontena
Sawa basi, ila ushauri wangu kwa wengine unabaki palepale.

#11 bit_na_kilohetzi
Hiyo 8 naijua mimi. Gawa 44100 kwa 48000 unapata 0.919. Gawa 190 kwa 207 unapata 0.918. Naomba mtulie. Kifaa chako cha USB kinatuma sampuli (vipimo vya sauti) 48000 kwa sekunde, Audacity imeandikwa 44100, kuna mmoja katikati hapo hajui mwenzake anafanya nini. Sampuli 48000 zilizorekodiwa kwa sekunde moja zinapigwa kama 44100, wimbo unarefuka na sauti inashuka karibu nusu toni moja na nusu. Nenda settings za sauti za Windows, kwenye kifaa cha kurekodia weka 44100, Audacity nayo project rate 44100, rekodi upya. Chai utanitumia kwa M-Pesa.

#12 Sahani254
Bit umeongea poa lakini hiyo kitu huwa ni rare siku hizi, Windows yenyewe hu-resample (hubadilisha idadi ya sampuli) hapo katikati. Mimi nashuku YouTube. Watu huongeza spidi makusudi ndio wasishikwe na mambo ya copyright. Ama aliye-upload ndiye alikuwa na pleya mbovu, nani alisema yake ndiyo original? Buda, tafuta copy nyingine ya hiyo ngoma. Ukiwa Nairobi pitia Kenyatta Market, huko kuna banda la santuri za zamani, unaskizishwa papo hapo.

#13 shangazi_K
Nakubaliana na wa Kenya. Mimi nimekua na hizo nyimbo, YouTube zote zinakimbia. Harusini zilikuwa zinakwenda kwa kutulia, mtu unatunza kwa raha zako unarudi kukaa.

#14 Kidumu Cha Lita Tano
Shangazi harusini betri za gramafoni zilikuwa zimeisha hizo 😂

#15 shangazi_K
Hebu niondokee mtoto wewe, sisi tulikuwa na umeme.

#16 fundi_waya
Kabla hatujafika YouTube, pima pleya. Bandika kipande cha selotepu pembeni ya sahani, shika saa ya simu, hesabu mizunguko kwa dakika moja. Inatakiwa 45. Kwa 33 hesabu dakika tatu, inatakiwa 100 kamili. Au pakua karatasi ya strobe, ile yenye mistari inayoonekana imesimama chini ya taa spidi ikiwa sahihi, ila chukua ya Hz 50, kwa spidi ya 33 ile yetu ina mistari 180 na ya Wamarekani 216, ukikosea hapo utakosea vyote. Na usitumie balbu ya LED, nyingi haziwakiwaki inavyotakiwa. Tafuta balbu ya zamani ya uzi au taa ya neon ya tester.

#17 Mtoto wa Ngamiani
Nimehesabu. Inagonga 45 kasoro kidogo sana, haifiki hata mzunguko mmoja. Kwa hiyo pleya imepona?

#18 bit_na_kilohetzi
Nasubiri chai.

#19 fundi_waya
Ulihesabu sindano ikiwa juu ya santuri au sahani inazunguka tupu?

#20 Mtoto wa Ngamiani
Tupu. Kwani kuna tofauti? Halafu kitu kingine sijasema, pale kichwani kwenye katriji nimebandika sarafu ya senti 50, ile ya sungura, kwa plasta. Pleya ya mzee iliyokufa ilikuwa nayo nikaihamishia huku maana sindano ilikuwa inaruka.

#21 fundi_waya
Lahaula.

#22 Kahawa Chungu
Sungura anakula santuri za marehemu jamani. Toa hiyo sarafu SASA HIVI. Katriji nyingi za kawaida zinataka gramu 1.5 mpaka 2.5, ile AT3600L inayokuja na pleya za bei nafuu inataka 3 na nusu hivi. Ukiongeza sarafu nzima unalima. Umeona vumbi jeusi kwenye ncha ya sindano? Huo ni wimbo.

Namna ya kuweka ni hivi. Toa kinga ya sindano, weka antiskating (ile inayozuia mkono kuvutwa katikati) sifuri, zungusha ule uzito wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe, hausimami haushuki, uko sawa na uso wa santuri. Hapo shika uzito usitikisike, zungusha kale kapete ka namba tu kasome 0. Sasa zungusha uzito wote pamoja na pete mpaka gramu alizosema mtengenezaji wa katriji, na antiskating weka namba hiyohiyo. Kama una ndugu sonara, mizani yake ndogo itakuhakikishia. Ikiendelea kuruka hapo, sindano imekwisha au santuri chafu, siyo uzito.

#23 fundi_waya
Na ndo nilichokuwa nakitafuta. Belti iliyolegea ikizungusha sahani tupu inakupa 45 safi. Weka sindano yenye sarafu juu yake, belti inateleza, spidi inashuka. Bit chai yako iweke pembeni kwanza.

#24 Hesabu za Jioni
Asilimia 8 kwa sarafu? Ingekuwa inayumba, inashuka inapanda. Mleta uzi, sauti inayumba au imeshuka moja kwa moja?

#25 Mtoto wa Ngamiani
Inayumba kidogo, kwenye akodiani zikivutwa ndefu ndo unasikia. Ila siyo santuri zote.

#26 Kahawa Chungu
Ikiyumba mara moja kila mzunguko hilo ni tundu, siyo belti. Hizi 45 zina tundu kubwa, ukiweka adapta ya plastiki isiyobana santuri inakaa upande. Angalia mkono ukiwa unapiga, ukienda kushoto kulia kushoto kulia, sogeza santuri kidogo kwa kidole hadi utulie.

#27 MpwaniMuscat
Assalaam alaykum. Mmetaja akodiani na hamjaitumia, ndiyo shahidi wenu huyo. Muimbaji anaweza kushuka akapanda, fidla inakazwa popote, lakini akodiani haikazwi jukwaani, sauti zake zimefungwa kiwandani. Chukua programu ya tuner kwenye simu, isikilizishe akodiani peke yake pale mwanzo kabla hajaingia muimbaji. Ikiangukia juu ya noti, spidi ni sahihi. Ikiangukia katikati ya noti mbili, spidi si sahihi.

#28 bit_na_kilohetzi
Sheikh hiyo ni akili kubwa. Na kwa kuwa 48 kwa 44.1 ni nusu toni moja na NUSU, rekodi yake lazima iangukie katikati.

#29 Mtoto wa Ngamiani
Nimejaribu. Yangu inaangukia katikati kweli. Ila ya YouTube nayo haiko juu ya noti, imezidi kidogo.

#30 Sahani254
Si nilisema.

#31 Kigogo Mstaafu
Nimepita kimyakimya siku zote ila hapa niseme. Msiiamini sana akodiani ya pwani. Chumvi na unyevu vinakula zile ndimi za chuma ndani, baada ya miaka inahama, na bendi nzima inakazwa kuifuata. Halafu mmesahau santuri yenyewe imetoka wapi. Tanzania hatukuwa na kiwanda cha kukandamiza santuri, nyingi zilikandamizwa Nairobi. Na si kila kitu kilipigwa studio ya huko, bendi nyingi za Bara zilirekodi RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam) kwenye tepu. Tepu ikitoka kwenye mashine moja ikaenda kukatwa kwa mashine nyingine, zisipolingana, kosa linaingia ndani ya mfereji, hata ulete pleya ya mbinguni litabaki. Baada ya 1977 Jumuiya ilipovunjika na mpaka ukafungwa, ndo ikawa tabu kabisa hata kuzipata hizo santuri.

#32 Kidumu Cha Lita Tano
Kwa hiyo mzee unasema bibi aliimba kwa uzito huohuo?

#33 Kigogo Mstaafu
Sijasema hivyo. Nasema nyinyi mnatafuta sahihi, na huyo aliyekuwepo studio hayumo kwenye uzi huu.

#34 DJ Pancha
Wakuu mi naomba tu faili mtutupie Telegram, mzito hivyohivyo nitaupandisha mwenyewe.

#35 Kahawa Chungu
Wenye haki wapo na watoto wao wapo, nenda COSOTA, wale wa hakimiliki, kaulize kwanza. Kujiwekea nyumbani ni jambo lingine.

#36 MpwaniMuscat
Nina langu dogo nidandie hapohapo. Bibi yangu ameacha zile nzito za 78, za lebo ya HMV, zile za enzi ya Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi 1928. Pleya yangu ina 33 na 45 tu. Nifanyeje? Na zina ukungu, nimeambiwa nizifute kwa spiriti.

#37 Kahawa Chungu
SPIRITI USIGUSE! 78 nyingi ni shellac, spiriti inaiyeyusha. Shellac ni maji safi na tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, kausha haraka, usilowanishe lebo. Hizi 45 za vinyl ndo hazina neno na spiriti kidogo kwenye maji.

Na sindano badilisha. Mfereji wa 78 ni mpana, unataka ncha ya mikroni 76 hivi, hii ya LP ni 18, itazama chini kwenye takataka na utasikia moto unawaka tu.

#38 bit_na_kilohetzi
Spidi siyo tatizo sheikh. Ipige kwa 45, rekodi, halafu Audacity tumia Change Speed (matoleo mapya inaitwa Change Speed and Pitch), kuna sehemu ya rpm ya santuri, chagua kutoka 45 kwenda 78. Ila RIAA itakuwa imekosea, maana hizo zilikatwa kabla yake na pre-amp yako inarekebisha kitu ambacho hakikuwepo. Utaigeuza kwa Filter Curve (unachora mwenyewe besi na treble) kisha usikilize kwa sikio lako. Na 78 zenyewe za zamani si zote zilikuwa 78, kwa hiyo jiandae kufungua uzi wako.

#39 shangazi_K
Maji safi gani? Ya bomba la kwetu yana chumvi.

#40 fundi_waya
Distilled, yale ya betri yanauzwa petrol station. Soma kopo shangazi, kuna maji na kuna asidi, vinakaa rafu moja.

#41 Kahawa Chungu
Jingine kwa mleta uzi. Hizo 45 zako za zamani karibu zote ni mono. Rekodi stereo, halafu zigeuze mono ndani ya Audacity. Sindano ikipanda na kushuka kwenye vumbi kelele zake zinaingia kushoto na kulia zikiwa kinyume, ukichanganya zinauana, makwaruzo yanapungua bila kugusa filta. Ile Noise Reduction iweke kidogo sana. Watu wanaipandisha mpaka mwisho, akodiani inasikika iko chini ya maji. Hifadhi moja mbichi ya WAV au FLAC usiiguse, ya kusafisha iwe nakala.

#42 Hesabu za Jioni
Nimekaa nimewaza, kuna njia ya kumaliza ubishi wa Bit na fundi. Muungurumo wa umeme! Umeme wetu ni Hz 50, na huwa unaacha alama kwenye 50 na 100. Rekodi muungurumo peke yake, chagua kipande, fungua Plot Spectrum (grafu ya Hz zilizomo kwenye sauti). Kilima kikisimama kwenye 50 na 100, laptop haina kosa, ugomvi uko kwenye pleya au santuri. Kikisimama kwenye 46 na 92, laptop ndo inavuta kila kitu chini na Bit apewe chai yake.

#43 Mtoto wa Ngamiani
Muungurumo si nilishautoa post #5?

#44 Kidumu Cha Lita Tano
Ndo mjue tiba za humu 😂😂 rudisha ugonjwa tukupime

#45 fundi_waya
Fungua waya wa ethi dakika mbili tu, rekodi, ufunge tena. Na kwenye Plot Spectrum ile Size usiache ndogo, ukiacha 1024 kila ngazi ni Hz 43, hutatofautisha 92 na 100. Peleka 65536.

#46 Mtoto wa Ngamiani
Nimefanya. Sarafu nimetoa pia. Sasa naona vilima viwili vimesogeleana, kimoja karibu na 92 na kingine 100, cha 92 ndo kirefu.

#47 bit_na_kilohetzi
TISINI NA MBILI. Mnaosoma kimyakimya mmeona.

#48 fundi_waya
Na 100 ipo vilevile, hiyo umeiruka? Ulirekodi motor ikiwa inazunguka?

#49 Mtoto wa Ngamiani
Ndiyo, niliiacha inazunguka.

#50 fundi_waya
Basi 92 inaweza kuwa mtetemo wa motor na belti. Zima motor, acha waya tu, rekodi upya.

#51 bit_na_kilohetzi
Motor gani inatetemeka kwenye namba ninayoitaka mimi exactly? Na hiyo 100 inaweza kuwa adapta.

#52 Hesabu za Jioni
Adapta nayo ingeshuka hadi 92 kama laptop ndo mkosaji. Zote zinapita mlango mmoja.

#53 Mtoto wa Ngamiani
Umeme umekata huku. Laptop ina chaji, nina inverter ndogo ya sola, naweza kuwashia pleya nijaribu?

#54 Mzee wa Kontena
Inverter za bei rahisi Hz zake hazieleweki, 50 yenyewe huna uhakika nayo. Jirani hana jenereta?

#55 fundi_waya
Jenereta ndo mbaya zaidi mzee, akiwasha tu pasi nyumba ya pili inashuka mpaka 47, hapo kila mtu humu atakuwa sahihi. Subiri umeme.